Barua Pepe za Akina Mama wa Tangawizi

Mbonea tulimzika Gonja, siku ya jua kali, na katika wasifu wake uliosomwa chini ya turubai aliitwa mtu wa kwanza kuleta mtandao milimani. Watu waliguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na akina mama waliokuwa wakichambua mchele, nikitazama picha yake kubwa iliyoegemezwa kwenye meza: amenenepa, amevaa suti, anatabasamu kama mtu asiyedaiwa maelezo na yeyote. Msemaji wa familia, kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ninaotaka kuusimulia, alinifuata pale nilipokuwa akachuchumaa kwa adabu. "Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye mwanafunzi wa kwanza wa marehemu. Utatusemea neno dogo?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia koo limenikauka, anisamehe. Wala haukuwa uongo. Nilikula wali wa msiba, nikapanda gari la kurudi Same nikiwa na hasira niliyodhani imekwisha zamani. Kumkasirikia mtu aliyekufa ni kazi ngumu, maana hana tena pa kukujibia. Basi lile neno dogo nililoombwa nitalisema hapa, ingawa si dogo.

Mwaka ule mji wa Same ulikuwa umejaa watu waliotolewa kazini. Mashamba ya mkonge ya tambarare yalikuwa yanauzwa kwa watu binafsi, na kila shamba lilipouzwa, wafanyakazi waliokuja miaka mingi nyuma kutoka Kigoma, Songea na Singida walionekana stendi na masanduku yao ya bati, hawajui waende wapi kwa sababu makwao walikuwa wameshasahauliwa. Ushirika wa kahawa nao ulikuwa umelala, na duka lake la zamani, nyuma ya stendi, ndilo Mbonea alilolipanga akaweka kituo cha kompyuta. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, nikaajiriwa kuchapa barua za watu. Chumba kile bado nakiona. Kuta zilikuwa na rangi ya kijani hadi kiunoni, na juu yake chokaa iliyobanduka. Harufu ya magunia ya kahawa haikutoka hata tulipodeki kwa sabuni. Kompyuta zilipangwa juu ya meza ndefu ambayo zamani ilikuwa kaunta ya kuuzia mafuta ya taa, kila moja imefunikwa kitambaa alichofuma dada yake, kwa sababu upepo wa Same hauingii chumbani peke yake, unaingia na vumbi la wilaya nzima.

Mashine zenyewe zilitoka shamba la mkonge. Mbonea alikuwa fundi wa ofisi huko, mtu wa mitambo ya simu na kompyuta za mishahara, na shamba lilipouzwa alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Badala ya kummalizia haki zake walimwambia achague vitu vya ofisi vilivyochakaa, akachagua kompyuta. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi, daima kwa maneno yaleyale, akiwa anafungua au kufunga skrubu. "Naki, asubuhi meneja mpya alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Mchana tulikuwa nje ya geti. Wenzetu wawili watatu walikuwa wameshajua tangu wiki iliyopita, wakawa kimya, wakajipanga. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba watu wamegawanyika, kuna wanaojua mapema na kuna wanaotangaziwa." Nilimwonea huruma. Nilikuwa msichana, na huruma na mapenzi kwangu vilikuwa kitu kimoja. Sikusikia kwamba alikuwa ananiambia upande gani ameamua kukaa.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo sitamnyima. Mteja akipiga kelele kwamba kompyuta imekufa, Mbonea hakukimbilia kuifungua. "Anzia ukutani," aliniambia. Kwanza umeme upo? Plagi imekaa sawasawa? Kisha waya, kisha mashine, kisha programu, na mtu aliyeitumia awe wa mwisho kulaumiwa. Usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, maana ikipona hutajua kilichoiponya. Siku moja mashine ya pembeni ilikataa kuwaka, ikawa inanuka nyama iliyoungua. Tulipoifungua tukakuta mjusi ameingia kwenye boksi la umeme kutafuta joto akakaukia humo. Siku nyingine mtandao ulikuwa unakatika kila mvua ikinyesha, na fundi wa simu akatuambia tununue modemu mpya. Mbonea akafuata waya hadi kwenye nguzo, akafungua kikasha, sisimizi wakamwagika kama uji. Kulikuwa na virusi vilivyokuja na disketi za walimu, vilivyobadilisha majina ya mafaili yote ya mitihani. Kulikuwa na mzee aliyedhani barua pepe yake imeibwa, kumbe kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimebonyea, paswedi inakataa. Kila tatizo lilikuwa na njia, na njia ilikuwa na mwisho. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, ya kuamini kwamba kila kilichoharibika kina mahali kilipoharibikia.

Mchana tulikula makande kutoka kwa mama mmoja wa stendi, tukiyala kwenye sufuria moja katika kijistoo cha nyuma, kwa sababu Mbonea hakutaka wateja waone vijiko. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba, na tulipokuwa tunakula tulisikia watu wakisoma barua zao kwa sauti upande wa pili, kama watoto wa darasa la kwanza. Mwanamke mmoja alisomewa na mwanawe kwamba mumewe wa Mererani ameoa huko. Akasema, "Soma tena, labda umeruka." Mbonea aliacha kutafuna. "Unaona," aliniambia kwa sauti ya chini, "kila kitu kinapita hapa kwetu kwanza." Nikadhani anasikitika.

Akina mama wa tangawizi waliingia maishani mwetu mwanzoni mwa masika. Walikuwa kikundi cha kijiji kimoja juu ya Gonja, waliong'oa kahawa baada ya bei kuanguka wakapanda tangawizi, na kiongozi wao alikuwa Mama Elifuraha, mwanamke mrefu aliyezungumza Kiswahili cha taratibu chenye lafudhi nzito ya Chasu, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kuliachia. Walikuwa wamechoka na madalali. Magari yalipanda milimani siku yanayotaka, bei ikapangwa na dereva, na magunia yakajazwa lumbesa mpaka yakawa na vichwa viwili. Mgeni mmoja aliyepita kanisani kwao aliwaambia kwamba siku hizi mkulima anaweza kuwa na tovuti akaandikiwa na mnunuzi moja kwa moja. Wakachanga, wakashuka Same.

"Mwanangu," Mama Elifuraha alimwambia Mbonea, "tunataka mlango wetu wenyewe. Huyo anayetaka tangawizi abishe kwetu."

Mbonea aliwatengenezea mlango. Nilipanda naye milimani kupiga picha, na picha zilikuwa kubwa mno hata ukurasa ukawa unafunguka kwa muda wa kuchemsha chai, tukazipunguza moja moja. Niliandika maneno, yeye akayatia Kiingereza. Kwenye ukurasa wa mbele alikuwepo Mama Elifuraha ameshika tangawizi mbichi yenye udongo, na chini yake anuani ya barua pepe ya kikundi. Barua ya kwanza ya mnunuzi wa nje ilipofika, Mbonea aliichapa kwenye karatasi, tukaipeleka juu, na akina mama wakaipokezana mkono kwa mkono, hata wasiojua kusoma, wakiigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu. Walimchinjia jogoo. Mbonea alikalishwa kwenye kiti chenye mito, na mama mmoja mzee akasema kwa Chasu kwamba kijana huyu amewafungulia njia. Mimi nilijaa majivuno kama aliyesifiwa ni mimi. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba baada ya mavuno atatuma washenga kwetu.

Kisha barua zikakoma. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, hakuna kitu. Nilipouliza, Mbonea alisema seva ya huko nje ina matatizo, anafuatilia. Yeye mwenyewe alianza kusafiri, leo Moshi, kesho Dar, akaniachia funguo za kituo. Alinunua simu ya mkononi wakati ambapo Same nzima waliokuwa nazo ungewajua kwa majina. Milimani nako kulitokea dalali mpya, mtu wa Hedaru, mpole, asiyelazimisha lumbesa, anayelipa juu kidogo ya wengine. Akina mama walimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mama Elifuraha alishuka siku ya gulio, Mbonea akiwa safarini. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka kapu lake katikati ya miguu, akakataa chai.

"Nakijwa, mwanangu, wale watu wa nje tumewakosea nini?"

"Hamjawakosea, mama. Ni mitambo. Mbonea anashughulikia."

"Kila nikiuliza naambiwa mitambo." Aliitazama ile meza ndefu. "Sisi hatujui kompyuta. Lakini mtu aliyekuandikia mara tatu kwa furaha hanyamazi hivihivi. Hata ukimkatalia mtu posa, anarudi kukuuliza kwa nini."

Alipoondoka niliamua kulitengeneza mwenyewe. Nilitaka Mbonea akirudi akute limepona, anisifu. Nikaanzia ukutani, kama alivyonifundisha. Umeme upo, laini ya simu ni safi, modemu inaimba. Tovuti inafunguka, kwa hiyo jina lake lilikuwa limelipiwa na liko hai. Nikatuma barua kutoka anuani yangu kwenda ya kikundi: "Jaribio, Nakijwa." Nikasubiri, nikafungua sanduku la kikundi. Tupu. Lakini barua isiyoweza kufika hurudishwa kwa aliyeituma, na yangu haikurudi. Basi imepokelewa na mtu. Nikaangalia kama sanduku limejaa. Tupu haiwezi kujaa. Nikaangalia kama kuna kichujio kinachotupa barua kwenye takataka, hakuna. Ikabaki sehemu ya usimamizi ambayo sikuwahi kuhitaji kuingia. Paswedi nilikuwa nayo, alinipa mwenyewe siku tulipopakia picha. Humo nikakuta mpangilio mmoja tu uliowekwa kwa mkono wa mtu: kila barua inayokuja kwa kikundi ipelekwe kwenye anuani nyingine, na hapa isibaki nakala. Anuani hiyo nyingine ilikuwa jina la Mbonea.

Nilimtetea. Nataka ijulikane kwamba nilimtetea, peke yangu mle ndani, wateja wakigonga vitufe pembeni yangu. Nikajiambia ameweka hivyo ili azisome kwa haraka. Amesahau kuondoa. Anataka kuwashtukiza akina mama kwa habari kubwa. Nikatafuta hitilafu kwenye waya, kwenye mashine, kwenye programu, na mtu nikamwacha wa mwisho mpaka hapakubaki kingine.

Aliporudi alikuja na kitenge cha zawadi, ameshaagiza makande, ana furaha. Nilimwita stoo nikamwambia nilichokiona. Nilitegemea akasirike au alie. Alivuta kiti akakaa.

"Nilijua utafika pale," alisema. "Nimekufundisha vizuri."

"Barua zao ziko wapi, Mbonea?"

"Nimezijibu. Zote. Mnunuzi anataka majibu siku hiyohiyo, Naki. Anauliza tani, unyevu, vyeti, tarehe ya meli. Mama Elifuraha angejibu nini? Angeitisha kikao, waombe, waimbe, mwenye hoja anyooshe mkono. Mwezi umepita."

"Kwa hiyo yule mtu wa Hedaru ni wako."

"Ni wangu. Na anawalipa vizuri kuliko madalali wote wa mwaka jana. Kawaulize. Nimeiba gunia la nani? Walikuwa wanamuuzia dalali, sasa wanamuuzia dalali. Wamepungukiwa nini?"

"Wamepungukiwa kujua."

Akanitazama, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona bila kificho. "Na mimi sikujua, siku ile getini," alisema. "Hakuna aliyenihurumia. Hili ni soko huria, Naki. Anayejua kwanza ndiye mwenye soko. Wewe na mimi tunajua kwanza. Nilikuwa nataka tuoane tukiwa na nyumba ya matofali."

Nilikirudisha kitenge kwenye meza. Nilimwambia nitaondoa ule mpangilio na nitawaambia akina mama. Hakunizuia. Alitoa kalamu, akaandika paswedi zote za tovuti kwenye kipande cha gazeti lililofungia vitumbua, akanisukumia. "Chukua. Hii ni yao kweli, sitaigusa tena. Tuone kama paswedi inauza tangawizi." Makande yalikuwa yanapoa kati yetu. Sikula, na sikurudi tena kwenye chumba kile.

Niliondoa mpangilio kwenye kompyuta ya duka la vifaa vya ofisi lililokuwa limefunguliwa karibu na posta, nikatuma jaribio, na jaribio likafika. Nilikaa nikiliangalia neno langu mwenyewe ndani ya sanduku la kikundi, na kwa muda niliamini nimeshinda. Nikapanda mlimani. Akina mama walikusanyika kwa Mama Elifuraha, kwenye chumba chenye kochi za vitambaa vyeupe na kalenda za kanisa za miaka iliyopita, nikawaeleza yote, tangu barua ya jaribio hadi jina lililoandikwa kwenye mpangilio. Walinisikiliza bila kunikatiza. Mmoja alilia. Mwingine, mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni, aliuliza kama yule mtu wa Hedaru atakuja wiki ijayo kama alivyoahidi. Wenzake wakamgeukia kwa ukali, lakini niliona kwamba swali lake lilikuwa vinywani mwao wote.

Mnunuzi nilimwandikia kwa niaba ya kikundi, kwa Kiingereza changu cha kamusi. Alijibu, na majibu yake yalikuwa kama Mbonea alivyosema: tani, unyevu, vyeti, tarehe. Nilipanda na maswali, nikashuka na majibu nusu. Cheti cha ubora kilitaka sampuli ipelekwe Dar. Leseni ya kuuza nje ilitaka kikundi kisajiliwe upya, na ofisi iliyohusika ilitaka muhtasari wa kikao wenye saini za wote, na mvua za vuli zikaharibu barabara hata magari yakawa yanaishia bondeni. Kikao kiliitishwa. Waliomba, waliimba, mwenye hoja akanyoosha mkono. Hakuna hata mmoja aliyefanya uzembe, na kila barua niliyoituma kwa mnunuzi ilikuwa inaanza kwa kuomba radhi kwa kuchelewa.

Barua yake ya mwisho niliichapa nikapanda nayo kwa miguu. Niliwakuta akina mama kwenye mfereji unaotoka ndivani, lile bwawa la kumwagilia mashamba, wakikusanya mabeseni, kwa kuwa mavuno mengine yalikuwa yameanza. Mama Elifuraha alijifuta mikono akaniambia nisome, kila mtu asikie. Nikasoma kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Mnunuzi aliwashukuru kwa uungwana wao. Alisema anaiheshimu kazi ya wanawake wa milimani na picha za tovuti yao zimempendeza. Alisema kwa bahati mbaya biashara yake haiwezi kusubiri, na kwamba amepata mtu wa eneo lilelile, anayejibu kwa wakati, na mzigo wake ni mzuri sana, na ataendelea naye.

"Huyo mtu wa eneo lilelile," Mama Elifuraha aliuliza, "ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

"Na mzigo mzuri sana ni huu wetu."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Nilidhani atasema neno la kumlaani, nami nilikuwa tayari kuitikia kwa moyo wote. Nilikuwa nimelihifadhi moyoni tangu siku ya stoo. Lakini aligeuka akaitazama milundo ya tangawizi kwenye majani, ambayo ikikaa siku chache zaidi ingeanza kunywea na kuota ukungu, akawatazama wenzake, akarudi kunitazama mimi. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mwanangu Nakijwa, wewe una gari?"

"Sina, mama."

"Basi yule wa Hedaru anafika kesho mapema bondeni. Hataki yenye udongo."

Akainama, akaingiza mikono mferejini. Wenzake wakafuata. Yule mama kijana alinisogezea beseni, kama unavyomsogezea mgeni kigoda. Nikapandisha mikono ya gauni, nikachuchumaa kati yao, nikaanza kuosha tangawizi ya Mbonea.